Shela la Masouda na Uvundo Wake

"Humu ndani kumekufa mtu," Bi Khawla alisema. "Wala si mmoja. Ukoo mzima umekufa humu, na wote mmewazika ndani ya hiyo nguo."

Alikuwa kasimama mlangoni mwa chumba cha wifi yake, kaubana mtandio puani kwa vidole viwili, haingii wala haondoki. Ndani tulikuwa watu wawili na nguo moja. Mimi nimekaa kitandani, mgongo nimeuegemeza kwenye mto. Masouda kapiga magoti chini, anapepea chetezo. Na shela jeupe la harusi, gauni zima la bibi harusi, limetandazwa juu ya kile kiguzo cha mbao cha kufukizia nguo, limejaa moshi, limekaa kama bibi mnene aliyekataa kuinuka. Udi wenyewe ulikuwa wa maana, ule unaowekewa wageni wa posa. Juu ya udi, na chini yake, na ubavuni mwake, ilikuwapo ile harufu.

"Jasho tu hilo, wifi," Masouda alisema. "Litatoka."

"Jasho la nani? La ngamia?"

"Mara ya tatu hii nafukiza. Linapungua."

"Linapungua wapi? Badr siku ya pili leo anakula chakula chake ndani ya gari. Mume wangu, mtu na cheo chake wizarani, kakaa garini na sahani ya wali mapajani, kwa ajili ya mtumba wa dada yake. Majirani wananiuliza kama bomba la choo limepasuka. Kasuku wa nyumba ya pili kanyamaza tangu jana."

Kasuku sijui aliingiaje. Mtaa ule wa Hail, hapa Muscat, hakuna mtu mwenye kasuku. Lakini Bi Khawla akianza kutaja misiba yake haachi nafasi tupu.

Na mie nisiwe mnafiki, siku ile moyoni nilikuwa upande wake. Nilikwenda kumsaidia Masouda, mama yangu na mama yake ni ndugu, lakini nilijisogeza karibu na dirisha nikawa nameza mate. Harufu ile ukiisikia mara ya mwanzo unasema kitunguu kilichooza. Mara ya pili unasema soksi za mtu aliyesafiri. Mara ya tatu husemi kitu, unatafuta pa kutemea.

Masouda ana miaka arubaini na tatu na haifichi. Anayeificha ni Bi Khawla, anawaambia watu thalathini na nane, maana anaiona aibu ni yake. Kazi yake Masouda ni kuwafundisha wanawake kuendesha gari. Ukiona barabara ya Bawshar kigari chenye kibao juu kinakwenda pole pole kama kinatafuta pete iliyoanguka, na nyuma msururu wa watu wanapiga honi na kulaani, basi humo yumo Masouda, katulia kiti cha pembeni, anasema, "Breki ni ule mguu mwengine, habibti." Nusu ya wake za watu wa Hail kawafundisha yeye. Wakishapata leseni wanampita barabarani kama hawamjui.

Anaishi kwa kaka yake, Badr, mumewe Bi Khawla. Chumba chake ni cha nyuma, karibu na jiko. Asubuhi anawapeleka watoto wa nyumba ile skuli, mchana anawarudisha, Alkhamisi anampeleka Bi Khawla kwa mshoni na kumngoja nje. Hakuna aliyesema kwamba hiyo ni kodi ya chumba. Hakuna aliyesema kwamba siyo.

Na Bi Khawla si kwamba hana wema. Wema anao, tatizo ni kwamba unanuka. Yeye ana kinga zake. Huchukua mvuje, ule utomvu wanaofungwa watoto wachanga kwa ajili ya jicho la hasidi, akauchanganya na habbasoda, akaufunga ndani ya kijitambaa na kukishona kwa uzi mwekundu, kikawa kipakiti kama kokwa ya tende. Halafu anakificha. Mito ya wajukuu inacho, koti la safari la Badr linacho. Na haambii mtu, kwa sababu kinga ikitajwa kwa yule anayekingwa, kwake yeye, imeharibika. Zamani Masouda aliponunua gari la kwanza la kazi, wifi yake alimtilia kimoja chini ya kiti, kimya kimya, kwa mapenzi. Kiangazi cha Muscat unakijua. Wanafunzi wakaanza kuugua mmoja mmoja kila ikifika siku ya somo, mpaka fundi wa AC akakichomoa kile kipakiti kwa koleo, kakigeuzia uso. Masouda alicheka mpaka akakaa chini. Mie nisingecheka.

Sasa mwaka huu Masouda kaposwa. Mposaji anaitwa Thani, mtu wa Yiti, kafiwa na mkewe. Walijuana kwa sababu binti yake Thani alikuwa anafeli mtihani wa barabarani mara nyingi kupita adabu, na Thani akaja kumlalamikia mwalimu. Masouda akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mtoto anajua kuendesha. Anachoogopa ni wewe uliyekaa nyuma unavuta pumzi kwa nguvu." Wiki iliyofuata Thani alirudi bila ya binti.

Bi Khawla hakuikataa posa. Alichokikataa ni harusi. Yeye aliona mambo yafanywe nyumbani kwenye majlis ya wageni, kadhi, halwa, kahawa, Masouda avae kanzu yake ya kijani, jioni aende kwa mumewe kama mtu anayehama nyumba. "Shela jeupe la wasichana," alisema. "Mtu mzima akivaa shela anaonekana kajifunika neti ya mbu."

Masouda akasema anataka shela na anataka ukumbi.

Tulianza na maduka ya kwenye mall, mie na yeye. Msichana wa duka la mwanzo alitupokea vizuri sana, akatushika mkono, akatupeleka pembeni kulikotundikwa magauni ya rangi ya maji ya dengu. "Nguo za mama wa bibi harusi ziko huku," alisema. Masouda akamwambia bibi harusi ndiye yeye. Yule msichana akacheka, kisha akamtazama, kisha akaacha kucheka, na huko kuacha ndiko kulikoudhi zaidi. Duka la pili likawa hivyo hivyo, ila huko walituletea na kiti. Kukodi nako hakutaka. "Miaka yote hii nimengoja," aliniambia garini, "halafu nivae nguo ya kurudisha?"

Ndipo mtu akamwambia kuhusu Mama Osama.

Mama Osama anauza mashela yaliyokwisha kuvaliwa, chumbani kwake Bawshar, kwenye villa nzuri tu, ina mpaka chemchemi ya maji mlangoni. Anayeleta hatajwi na anayenunua haulizwi. Mie niliingia mle nikatamani nitoke bila ya ngozi. Mashela yamebanana, yamefungwa mifuko ya plastiki, na ndani ya plastiki yamepata jasho. Nililigusa moja, mkono ukanata. Nikaangalia, ubani wa kutafuna, umekandamizwa kwenye pindo pamoja na unywele mrefu. Jengine lilikuwa na poda shingoni, nene kama plasta ya ukuta, na kope ya bandia imejibandika kifuani kama mdudu aliyekaukia hapo. Jengine mtoto kalikojolea mkia, na Mama Osama anasema hiyo rangi ni ya kitambaa. Kwapani nisiseme. Kwapani palikuwa na duara juu ya duara, ukitaka unaweza kuhesabu nyimbo alizocheza bibi harusi.

"Twende zetu," nilimwambia Masouda kwa Kiswahili, yule mama asituelewe.

"Ngoja."

Kalichomoa moja. Halina mikono, mkia mfupi, limepwaya kidogo, na kifuani vitundu vidogo vidogo pale palipokuwa na mawe yakang'olewa. Lilikuwa limepigwa pafyumu mpaka macho yanachuruzika.

"Hilo la bibi harusi wa Beirut," Mama Osama alisema. "Kalivaa masaa mawili, akaondoka. Msafi yule, kama maziwa. Mie nimelipunguza kidogo tu, lilikuwa na mambo mengi."

Masouda akalivaa juu ya suruali yake ya kazini, akasimama mbele ya kioo chenye alama za vidole vya watu. Mie nilikuwa nimeshaandaa neno, nilitaka kumwambia kakaa kama keki iliyoanguka. Nikamtazama. Mtu ambaye miaka kumi na mitano kakaa kiti cha pembeni, anatazama mikono ya wengine kwenye usukani. Neno nikalimeza, pamoja na pafyumu.

"Nalitaka hili," alisema.

Pafyumu ilikwisha njiani. Tulipofika Hail ikaanza kazi ile harufu nyengine. Nankya, mtumishi wa nyumba ile, binti wa Kiganda, alipokea mfuko mlangoni akauweka chini hapo hapo. "Madam, hii nguo, mimi singevaa hata kwa bure," alisema, akaenda kunawa mikono. Dobi alilichukua siku moja akalirudisha kabla ya jioni. Kalifuta kwa juu, hakuthubutu kuliloweka, akamwambia Masouda anaye mteja mwenye kanzu nyeupe hamsini na hawezi kuzilaza chumba kimoja na hilo.

Kwa watu wengine hapo ndipo safari ingekwisha. Sisi tuna udi. Sisi kitu kikinuka tunakifukiza, na kikizidi kunuka tunazidisha moto. Masouda alifukiza mara ya mwanzo, shela likapata joto, uvundo ukapanda mpaka sebuleni. Akasema udi ulikuwa mchache. Mara ya pili akatia mwingi, na hapo Badr akachukua sahani yake akahamia garini. Na sasa tulikuwa katika mara ya tatu, na Bi Khawla mlangoni.

"Nakwambia neno moja, Masouda," alisema, na sauti ikapoa, jambo ambalo kwake ni baya zaidi. "Nguo hiyo ikitoka nyumba hii kwenda ukumbini, mie simo. Ndugu zangu hawamo. Na Badr nitamwambia asikae mbele ya kadhi."

Chetezo kikasimama. Badr ndiye walii, baba yao kafa, na bila ya yeye kukaa pale ndoa haifungwi. Na Badr, tangu aoe, hukaa pale anapoambiwa akae.

"Kwa ajili ya nguo?" Masouda aliuliza.

"Kwa ajili ya aibu. Wageni wangu wamnuse bibi harusi wetu waseme nini? Kwamba tumemwokota? Shela la Shahad lilitoka Beirut ndani ya sanduku lake, watu wameliona. Na mpaka leo limo ndani ya karafuumaiti, halijaguswa, namwekea mjukuu. Hivyo ndivyo nguo ya harusi inavyowekwa. Nguo ya harusi haiuzwi. Anayeuza hana ukoo, na anayenunua kanunua jasho la asiye na ukoo."

Shahad ni binti yake, kaolewa miaka mitatu iliyopita, yuko Sohar na mumewe. Harusi yake nilikuwepo, ukumbi mkubwa wa Bawshar. Shela nalikumbuka kwa juu juu tu. Lilikuwa na mikono ya lesi, mkia wa kufagia mtaa, mawe mpaka magotini. Simu tulinyang'anywa mlangoni, kama kawaida ya harusi za wanawake, kwa hivyo picha hana mtu. Na bibi harusi aliingia ndani ya moshi na mataa, tukaona weupe tu, tukapiga vigelegele.

Hapo Masouda akafanya jambo ambalo mpaka leo silisahau. Akaondoa chetezo, akaingiza uso wake mzima ndani ya shela lile la moto, kwapani, akavuta pumzi ndefu.

"Allah," Bi Khawla alisema, akageuka pembeni.

"Hili si jasho," Masouda alisema akiwa mle ndani. "Jasho mie nalijua, nalinusa kila siku. Liko la joto, liko la woga, liko la aliyegombana na mumewe asubuhi. Hapa kwapani hapana kitu." Akashuka na pua yake mpaka kiunoni, kama paka anayefuata samaki. "Hapa. Hapa ndipo kwake." Akabinya bitana kwa vidole. "Kuna kitu. Nipe mkasi."

Nikampa, mkono nimeunyoosha, mwili nimeuacha dirishani.

Akachana mshono mdogo wa bitana, upande wa kushoto. Kikatoka kipakiti kama kokwa ya tende, kimeiva, kimetoa majimaji meusi, na ile harufu ikatoka nacho ikasimama katikati ya chumba kama mgeni aliyekuja na mizigo. Nikaziba pua. Masouda akakiweka kiganjani, akakipangusa kwa kidole gumba. Uzi mwekundu. Kitambaa cha zambarau, chenye maua ya dhahabu.

Akanitazama. Kumbe si mimi, alitazama mto nilioegemea. Nikageuka na mimi. Mto wa zambarau, una maua ya dhahabu. Bi Khawla hatupi kitu. Pazia la majlis lilipochakaa alilikata, makubwa akafanya mito ya chumba cha wifi yake, na vipande vilivyobaki vina kazi anayoijua mwenyewe.

"Wifi," Masouda alisema. "Njoo."

"Siingii humo."

"Njoo uangalie kitu chako."

Aliingia. Alitembea hatua za mtu aliyeambiwa sakafu imelowa. Masouda akamtilia kile kipakiti mkononi, naye akakipokea bila ya kufikiri, kisha akakitazama, na vidole vikajifunga vyenyewe.

"Nilikitia siku ya hina ya Shahad," alisema baadaye, sauti imemwishia. "Alikuwa kalala na mikono yake juu ya mito, mie nashona. Watu walikuwa wengi, nikaogopa jicho." Akalitazama shela. "Hili si lake. La Shahad lina mikono. Lina mkia."

"Mama Osama kasema kalipunguza."

"Shahad kanambia limo sandukuni."

"Na sanduku umelifungua lini?" niliuliza mie.

"Ufunguo anao yeye. Kasema nikifungua fungua, karafuumaiti itatoka nguvu."

"Kwa hivyo bibi harusi wa Beirut," nilisema, "ni wa Hail." Nilijua si wakati wake. Lakini siku mbili nzima nilikuwa nameza mate kwa ajili ya ngamia asiyekuwepo, na mtu ana haki yake.

Bi Khawla akakaa kitandani, juu ya ule mto. Akataka kujifunika uso, akaupandisha mtandio puani kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika mvuje. Ukamfika kooni. Akakohoa, akainama, machozi yakamtoka, na sikuweza kujua chozi lipi ni la harufu na lipi ni la binti yake. Nikaona kinyaa, halafu nikajionea kinyaa mwenyewe kwa kutazama. Nankya alichungulia kutoka jikoni, akatazama, akarudi jikoni.

"Kwa nini auze?" Bi Khawla aliuliza. "Ana nini? Mumewe ana nini? Mbona hakunambia?"

Mie sikujua. Masouda, aliyemfundisha Shahad kuendesha, aliyekaa naye gari moja miezi, huenda alijua. Alikuwa anafunga plastiki ya shela, juu na chini, kwa utulivu ule anaowafungia mikanda wanafunzi wake.

"Badr atakaa mbele ya kadhi," Bi Khawla alisema. "Sikiliza, Masouda. Atakaa. Nitamwambia leo. Na mie nitakuja na ndugu zangu wote, tutakaa mbele kabisa, vigelegele nitaanza mimi. Vaa shela lako. Nani kasema usivae?"

"Ahsante, wifi."

"Lakini watakuuliza. Unawajua dada zangu. Watasema zuri, kalitoa wapi, la nani. Watakuuliza la nani."

Masouda akalitia shela begani. Bila ya kile kipakiti lilikuwa linanuka udi tu, na kidogo moto. Akachukua ufunguo wa gari juu ya meza, akapita mbele ya wifi yake, akashika njia ya sebuleni kutoka nje. Sisi tukamfuata, Bi Khawla mbele yangu, ngumi kaifunga mbali na mwili wake kama kashika kaa la moto na hana pa kulitupa.

"Masouda. Utawaambia la nani?"

Uani Badr alikuwa garini, sahani mapajani, mkono umejaa wali. Alimwona dada yake anakuja na ule weupe begani, akapandisha kioo.

"Masouda. Nakuuliza wewe."

Masouda akapita ubavuni mwa gari la kaka yake, akatoka geti, akaingia kigari chake chenye kibao, akaenda zake.